Bukari ya Mama Falonne

Maswali mengine Banza aliyajibu juujuu, kama mtu anayetaka kuwahi kazini. Lilipofika swali la bukari, ugali wa huku, alijiweka sawa kitini, akakohoa, akaitoa ile sauti yake ya ukubwa anayoitumia mgodini kuwaamrisha vijana wa zamu.

"Bukari? Anasonga yeye mwenyewe. Midi na magaribi. Mademoiselle, bukari ya muke yangu inajulikana mu Kolwezi muzima!"

Ndaya, huyo mke mwenyewe, alikuwa amekaa kando yake na mikono imelala mapajani. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vimepinda vyote kuelekea upande wa kidole kidogo. Hakuna aliyemwuliza yeye. Alifundwa hivyo tangu siku ya kuolewa: mbele ya wageni, mume anasema, mke anasikiliza. Na Laure, msichana wa hospitali aliyekuwa akiuliza, alikuwa amekwisha kuzoea wazee wa Kiluba wa kaskazini na mambo yao. Anauliza akimtazama mama, anajibiwa na tata, yaani baba, anaandika.

Hospitali hiyo ya Manika ilikuwa imeamua kupima maisha. Si damu, si mkojo: maisha. Wenye rumatizime walikuwa wengi mno, korido ilijaa watu wa magoti mabovu na vidole vilivyopinda, na dawa ile nzuri, ya kuzuia viungo visiendelee kuharibika, haikutosha wote. Basi madokta wakasema, wacha tuwaulize watu wanaishi namna gani, na yule ambaye ugonjwa umemnyang'anya maisha zaidi ndiye apewe kwanza. Maswali yalitoka Ulaya, eti mgonjwa anaweza kuingia na kutoka garini peke yake? Gari gani, jamani? Laure na wenzake wakalifuta, wakauliza habari ya kupanda moto, yaani pikipiki. Wakaongeza kukamua nguo, kupiga magoti kusalimia wakubwa, na kusonga bukari. Hilo la bukari ndilo lililopewa uzito kuliko yote, maana hapa Kolwezi nyumba isiyosonga bukari imelala njaa.

"Kufunga vifungo vya blauzi, mama?"

"Anafunga," akajibu Banza. Asubuhi hiyohiyo yeye ndiye aliyeifunga blauzi hiyo, kifungo kimoja kimoja, akinung'unika.

"Kupiga magoti?"

"Eh! Muke ya Muluba huyu. Anapiga magoti, anapiga na makofi." Kupiga magoti alipiga, kweli. Kuinuka ndiko kulikohitaji Banza amshike kwapani na kumnyanyua.

Laure akaviangalia vidole vya Ndaya, kisha akamwangalia Banza. "Tata, hakuna kintu chochote kinamushinda?"

Hapo ndipo Banza alipocheka. Mlango ulikuwa wazi, korido yote inasikia, naye Banza akiona watu wanasikiliza hawezi kujizuia. "Ni asubuhi tu. Asubuhi anakuwaka na uvivu. Ile uvivu ya asubuhi, mademoiselle, banamuke bote beko nayo!"

Korido ikacheka. Hata mzee mmoja mwenye magongo mawili alicheka hadi akakohoa. Ndaya alihisi uso unawaka moto. Kila asubuhi ya Mungu aliamka mwili umekaza, hawezi kukunja ngumi wala kushika kikombe, akikaa kitandani akilia kimyakimya mpaka jua lipande na viungo vilegee. Na mtu anayelala naye kitanda kimoja, anayeyaona machozi hayo, ndiye aliyeyatia jina la uvivu mbele ya watu.

Laure akajumlisha, akasema kwa upole kwamba kwa majibu hayo mama atapewa vidonge vya maumivu na mazoezi ya mikono. Ile dawa nyingine, samahani, itawaendea walio na hali mbaya zaidi, na kundi la watakaopewa linafungwa juma lijalo.

"Aksanti," akasema Banza, akasimama.

Walikuwa wamekwisha kufika getini Ndaya aliposema amesahau kitambaa chake cha kichwa. Hakuwa amekisahau. Alikuwa amekiacha chini ya kiti kwa makusudi, akikisukuma kwa mguu. Akarudi peke yake, akaufunga mlango wa Laure kwa kiwiko.

"Mwanangu, ile bukari mi sisongi. Miaka sasa sisongi."

"Mama, juu ya nini haukusema?"

"Ningesema namna gani? Umemuona."

Laure akafikiri. Akasema majibu hayawezi kubadilishwa kwa maneno tu, maana kila mtu angerudi kusema alikosea. Lakini dokta aliwaruhusu kufika nyumba fulani fulani na kuangalia. Akiona kwa macho yake, anabadilisha.

"Basi kuja dimanche, kisha misa, saa ya kula," akasema Ndaya. "Utaona na macho. Na bengine bataona."

Msichana hakuelewa hilo la mwisho, akadhani ni adabu ya kumkaribisha mgeni.

Njiani Banza alikuwa mtu wa kununa, kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Walikuwa wamesimama kando ya barabara wakingoja moto, malori ya mgodi yanapita na kuwamwagia vumbi jekundu.

"Usiniangalie vile, mama Falonne. Ulitaka niseme nini?"

"Ile iko kweli."

"Kweli! Niseme kwa kile kitoto ya mwanamuke: mi Banza, chef d'équipe, mi ndjo nasonga bukari? Unajua ile korido iko na batu ngapi benye kunijua? Dimanche mutualité iko kwetu, banachagua président wa chama. Unataka banichagulie mwiko?"

"Dawa iko ya mikono yangu, tata. Si ya mikono yako."

"Tutanunua dawa ingine."

"Wapi?"

Banza akainua mkono. Akasimamisha moto, akampakia Ndaya nyuma kama mzigo, naye akapanda ya pili.

Sasa msikie jinsi mambo yalivyokuwa nyumbani kwao. Jiko lilikuwa kibanda uani, nyuma ya nyumba, lenye mlango wa bati. Nyaya za umeme wa bwawa la Nzilo zilipita juu ya paa zikielekea mgodini, na chini yake Banza alipikia makala kwenye mbabula, jiko dogo la makaa. Kila jioni aliingia jikoni na mkewe, akaufunga mlango kwa waya, akafunga kikwembe, kitenge cha mkewe, kiunoni ili asichome suruali, akasonga. Ndaya alikaa kwenye kigoda akisema kwa sauti, "Ah, moto huu!" ili majirani wamsikie yeye. Wakija wageni, Banza aliaga sebuleni kwamba anaenda kuangalia bia kwa jirani, akazunguka nyuma ya choo, akaingia jikoni, akasonga mbiombio, akarudi kwa mlango wa mbele na chupa mkononi. Kisha Ndaya ndiye aliyeingia na bukari, amebana sahani kati ya mikono miwili kwa vigasha, kwa sababu vidole havishiki. Wageni wakala, wakasifu. Bukari ya mama Falonne! Laini, haina hata donge! Na Banza akatabasamu akijifuta jasho.

Falonne, binti yao wa pekee, ameolewa Tenke. Ndaya alikuwa ameomba mara nyingi waletewe mpwa mmoja kutoka kijijini asaidie kazi. Banza alikataa katakata. "Akifika tu, kijiji kizima itajua." Basi Ndaya akanyimwa mpwa, akanyimwa na haki ya kuugua.

Haya yote aliyameza. Kuna mambo mwanamke anayameza akijua kwamba mume naye anachoka, na kusema kweli Banza alichoka. Alitoka mgodini miguu imevimba na bado akasimama juu ya mbabula. Ndaya hakulisahau hilo. Angeweza kuitunza siri hiyo hadi kaburini, bila kinyongo. Lakini uvivu ya asubuhi? Hapana. Hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tena kulikuwa na jambo la Dodo.

Dodo ni kijana wa mutualité, chama cha watu wa kwao, mwenye mke anayefanya kazi zamu ya jioni. Dodo humpikia. Hafichi. Kwenye mkutano wa Pasaka Banza alisimama mbele ya watu wote akasema kuna wanaume wanaoaibisha jina la Baluba, akamwita Dodo mbele, akamfunga kikwembe cha mwanamke kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akamwamuru awapitishie wazee vinywaji. Watu walicheka hadi kulia. Dodo alipitisha vinywaji, macho chini. Mkewe aliondoka bila kuaga. Ndaya alikuwepo, na alitazama fundo lile Banza alilomfunga Dodo. Lilikuwa fundo la ubavuni, fundo lake Banza mwenyewe, la kila jioni.

Jumamosi usiku kucha Ndaya hakulala, si kwa maumivu. Alikuwa akipanga viti kichwani.

Jumapili Banza alikuwa na raha ya bwana harusi. Sombe, kisamvu cha huku, na samaki waliokaushwa alikuwa amekwisha kuvipika tangu jana nyuma ya mlango wa bati. Bukari ndiyo isiyopikwa mapema. Ikipoa, imekufa. Akavaa suti, akamfunga mkewe vifungo, akaeleza mpango.

"Kisha misa mi nakuja na vieux Kabongo na bibi yake. Batu ya mutualité bote batakaa mbele, pa barza. We utaweka maji kwa moto. Nikisema naenda kutafuta munkoyo ya kunywa, nazunguka. Kama kawaida."

"Kama kawaida," akasema Ndaya.

Vijana wa mutualité walifika mapema na viti vya plastiki, Dodo akiwa mmoja wao. Walianza kuvipanga barazani. Ndaya akawasimamisha.

"Hapana, banangu. Kule mbele malori inatupa vumbi, mutakula mchanga. Mupange huku nyuma."

Kweli malori yalikuwa yakipita. Nani angebisha? Wakahamisha viti vyote uani, vikalitazama jiko.

"Na meza, mama?" akauliza Dodo.

"Meza haitoshi." Ndaya akajifanya anafikiri. "Toa ule mulango."

"Mulango ya jikoni?"

"Ule. Weka juu ya briki nne, tandika nappe. Itakuwa meza muzuri."

Dodo akafungua nyaya, akaung'oa mlango. Jiko likabaki wazi kama mdomo uliong'olewa meno. Ndani ilionekana mbabula, sufuria kubwa ya maji inayochemka, kigoda, na mwiko umeegemea ukuta. Dodo alisimama akiangalia, kisha akamwangalia mama. Hakuuliza. Lakini hakwenda mbali tena.

Laure alifika kwa moto, amevaa kikwembe cha kanisani, mfuko begani. Ndaya akamketisha mbele kabisa, kando ya Mama Blandine, mke wa Kabongo, aliyekuwa ametangulia na akina mama wenzake.

Banza akatokea akimwongoza mzee Kabongo, mkubwa wa mutualité, kwa mkono, anacheka, anasalimia, hadi akapinda kona ya nyumba. Kicheko kikamkatikia. Aliviona viti, akaliona jiko, akautafuta mlango kwa macho, akauona umelala juu ya matofali, umetandikwa kitambaa cheupe cha meza, juu yake bakuli la sombe.

"Mama Falonne," akasema polepole. "Nini hii?"

"Vumbi, tata. Banakula mchanga kule mbele."

"Vizuri sana!" akasema mzee Kabongo, akijitupa kitini. "Huku kuko baridi. Banza, bibi yako iko na akili. Bukari iko wapi?"

Watu wakaitikia. Njaa ilikuwa imewauma tangu mahubiri. Banza alisimama katikati ya uwanja, macho yanazunguka. Akasema, "Naenda kutafuta munkoyo." Akaondoka kwa mbele, mbio. Ndaya akasikia nyayo zake nyuma ya choo, zikaja, zikasimama. Kutoka pale angeliingia jikoni vipi, na watu wote hawa wakilitazama? Zikarudi. Akatokea tena mbele bila munkoyo, jasho limemtoka.

"Maji inachemka, mama Ndaya," akasema Mama Blandine, akinyanyuka. "Wacha tukusaidie."

"Hapana, yaya, dada yangu, kaa. Leo tuko na mugeni wa hopitali." Ndaya akapaza sauti ili wa nyuma wasikie. "Huyu ni mademoiselle Laure. Tata alimwambia mi nasonga mwenyewe, midi na magaribi. Amekuja kuona."

Banza akamsogelea, akainama sikioni mwake. "Nakuomba. Ita Blandine. Ita mutu yoyote."

"Juu ya nini? Mi niko muzima. Ulisema."

"Ndaya!"

"Uvivu tu, tata. Na sasa si asubuhi."

Akaondoka akaingia jikoni. Hakuigiza, na hili mlijue. Alikusudia kumwumbua mumewe, ndiyo, lakini hakukusudia kudanganya. Akamimina unga kwa kuinamisha kibakuli kati ya vigasha. Akauchukua mwiko kwa mikono miwili. Vidole vilijaribu kufunga, havikufunga. Mwiko ukazunguka mara moja kwenye uji mzito, ukateleza, ukaanguka kwenye majivu. Akainama, akauokota kwa viganja, akaufuta kwa kikwembe, akaanza tena. Uji ukaruka ukamchoma mkononi. Aliuma meno. Mwiko ukaanguka.

Mama Blandine alikuwa ameshika mdomo. Laure alikuwa amesimama.

Ndaya akatoka jikoni, mkono umejaa madoa meupe ya uji, akaketi kwenye kiti chake.

"Tata," akasema, "bukari inaungua."

Ilikuwa inaungua kweli, harufu ilianza kutoka. Mama mmoja akainuka. Ndaya akamnyooshea kigasha. "Kaa, mama. Mwenye kuisongaka iko hapa."

Hakuna aliyeelewa kwanza. Kisha macho yakaanza kumwendea Banza, mmoja baada ya mwingine. Moshi ukatoka jikoni. Na sijui ni nini kilichomsukuma, kama ni aibu au ni ile tabia tu ya mtu ambaye kwa miaka hawezi kuona sufuria ikiungua akatulia, lakini Banza alivua koti, akalitupa kitini, akaingia.

Dodo akamfuata hadi mlangoni, pale palipokuwa na mlango. Mkononi alikuwa na kikwembe cha Ndaya alichokitoa kwenye kamba ya nguo.

"Moto, tata," akasema kwa heshima zote. "Usichome suruali."

Banza alikipokea bila kufikiri. Akakizungusha kiunoni kwa mkono mmoja, mkono mwingine tayari uko kwenye mwiko, akapiga fundo la ubavuni bila hata kulitazama. Ndipo alipoinua macho na kumwona ni nani aliyempa. Dodo akarudi kukaa.

Basi akasonga. Wangekuwa hawajui, wangejua hapo. Hakuna mwanaume anayeshika mwiko mara ya kwanza akasonga namna ile. Alipunguza makala kwa ncha ya mguu. Aliikandamiza bukari kwenye ukingo wa sufuria, akaigeuza, akaikandamiza, mabega yanakwenda yenyewe. Akanyunyiza unga kidogo kwa vidole vitatu, akagongesha mwiko mara mbili, akalowesha sahani kwa maji, akaichota bukari na kuizungusha ndani ya kibuyu hadi ikawa duara, ikang'aa. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, naye akalifuta kwa bega, kama afanyavyo mtu aliyezoea.

Ndaya alimtazama mgongo. Kwa kitambo kidogo moyo ulimlegea. Alikumbuka jioni ya kwanza, miaka hiyo, Banza alipomnyang'anya mwiko akisema, "Wacha, utajichoma." Alikuwa mpole siku ile. Lakini akakumbuka korido, akamkumbuka mzee wa magongo mawili akimcheka hadi kukohoa, na moyo ukakaza tena.

Banza akatoka na sahani, mikono miwili, kikwembe kiunoni. Akaiweka juu ya mlango wake mwenyewe.

Mzee Kabongo akanawa. Akakata tonge, akalichovya kwenye sombe, akalitia kinywani, akatafuna taratibu kama hakimu. Watu wote walikuwa wakimngoja yeye. Akameza.

"Ni ile ile," akasema.

"Ile gani, papa?" akauliza Mama Blandine.

"Ile tunakulaka hapa. Noeli tulikula hii. Ubatizo wa mwana ya Kabemba tulikula hii." Akamgeukia Banza, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyedanganywa kwa tumbo lake. "Banza! Tunakulaka bukari yako?"

Hapo kicheko kikapasuka. Kilianza kwa akina mama, kikaenda kwa vijana, na Dodo, aliyekuwa amekaa kimya tangu Pasaka, alicheka akijipiga mapaja hadi kiti cha plastiki kikampindukia. Mmoja akapiga kelele, "Président wa mwiko!" Mwingine akaomba aongezewe. Kabongo peke yake hakucheka. Alikuwa akimwangalia Dodo chini pale, na alionekana kukumbuka vinywaji alivyopitishiwa.

"Bon," akasema mzee, "uchaguzi hatufanye leo. Tutaona siku ingine." Na kila mtu alielewa kwamba jina la Banza limekwisha kuondoka.

Laure alikuwa amefungua mfuko wake. Akachuchumaa mbele ya Ndaya, kalamu mkononi, akatamka kwa sauti ndogo, "Mama, nirudilie swali moja tu. Kusonga bukari."

"Muulize tata," akasema Ndaya. "Yeye ndjo anajibuaka pa fasi yangu."

Kicheko kikakatika. Banza alikuwa bado amesimama kando ya meza, hajui akivue kikwembe au akiache.

"Tata?" akauliza Laure.

"Hawezi," akasema Banza, akiitazama ardhi.

"Sema na nguvu," akasema Ndaya. "Siku ile mu korido ulikuwa na sauti."

"Hawezi!" Sauti ikamkwaruza. "Hawezi kusonga. Mi ndjo nasonga."

"Na vifungo?"

"Mi ndjo nafunga."

"Na asubuhi, tata? Asubuhi mi niko na nini?"

Hapo Banza alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, labda ni moshi. Ndaya hakuyakwepa. Alingoja. Angengoja hadi jioni kama ingebidi.

"Ugonjwa," akasema Banza. "Analiaka. Asubuhi analiaka. Naonaka."

Laure akaandika. Akasimama, akasema mama afike Manika juma linaloanza, atawekwa kwenye kundi la dawa, na asichelewe. Mama Blandine akampigia vigelegele, akina mama wakaitikia, na Ndaya akalia kidogo, bila kuficha.

Wageni waliondoka kabla ya jua kushuka, mapema kuliko kawaida ya mutualité. Dodo ndiye wa mwisho. Aliuliza kama aurudishe mlango mahali pake. Ndaya akamwambia auache ulipo, meza hiyo inamfaa.

Wakabaki wawili. Banza ameketi kwenye kigoda cha mkewe, ndani ya jiko lisilo na mlango, na kila aliyepita njia ya nyuma alimwona, akamsalimia, akaenda zake akicheka. Kikwembe kilikuwa bado kiunoni.

"Umenimaliza, mama Falonne," akasema mwishowe.

Ndaya alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa viganja viwili, anakipuliza. Akanywa funda moja, akakiweka chini taratibu.

"Bado," akasema. "Kuko masahani."